Maporomoko ya Uani: Maji Yashuke kwa Kimo Gani, na kwa Saa Ngapi?

Bwawa dogo la samaki limekuwa sehemu ya kawaida ya bustani za miji yetu. Utalikuta Mbezi Beach na Njiro, utalikuta Nyali na Karen: mita mbili kwa mbili hivi, kina cha nusu mita, samaki wachache wa rangi na yungiyungi pembeni. Baada ya miezi michache mwenye nyumba huanza kuliona limepooza. Anamwita fundi, anamwonyesha picha kwenye simu, na mazungumzo yanaanzia kwenye mawe: yawe ya aina gani, yapangwe vipi, yapande mpaka wapi. Aliyewahi kutembelea maporomoko ya Materuni kule Moshi, au kuzunguka msitu wa Karura, anataka kitu cha kumkumbusha alichokiona. Pampu hutajwa mwishoni. Umeme hautajwi kabisa.

Mpangilio huo wa maswali ndio unaozaa maporomoko makavu tunayoyaona kwenye bustani nyingi: rundo la mawe, bomba linalochungulia, na mstari mweupe wa chumvi pale maji yalipokuwa yakipita. Swali linalofaa kutangulia ni la saa. Katika kila saa 24, maji yatashuka kwa saa ngapi? Makala haya yanatetea jibu moja: kwa bwawa lenye samaki, maporomoko yanayofaa ni yale ambayo mwenyewe anamudu kuyaacha yakitiririka usiku kucha, mwaka mzima. Na hesabu ikipigwa kwa haki, hayo karibu kila mara huwa mafupi kuliko yale ya kwenye picha.

Pumzi ya bwawa

Tuanze na samaki, kwa sababu wao ndio wenye bwawa. Maji ya nyuzi 20, usawa wa bahari, yanaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita. Yakipata joto la nyuzi 30 uwezo huo hushuka hadi 7.5 hivi, na bwawa lisilo na kivuli Dar es Salaam mwezi wa Februari hufika nyuzi hizo bila taabu. Mtu wa Nairobi anaweza kudhani baridi yake inamwokoa. Lakini jiji lake liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji ya nyuzi 20 pale hubeba kama miligramu 7.4 tu. Joto la pwani na mwinuko wa bara, kila kimoja kwa njia yake, vinafikisha bwawa karibu mahali pamoja.

Hicho ni kiwango cha juu kabisa, na bwawa halikai hapo siku nzima. Mchana mimea ya majini na mwani hutoa oksijeni. Jua likizama, mimea ileile huanza kuivuta pamoja na samaki, konokono na bakteria wanaoozesha majani yaliyozama. Akiba inaliwa usiku kucha, na hali huwa mbaya kuliko zote kabla tu ya mapambazuko. Ukienda bwawani saa kumi na moja alfajiri unaweza kuwaona samaki wamejipanga juu, midomo ikigusa hewa, matamvua yakienda mbio. Jua likipanda wanashuka na kutulia. Mwenye bwawa akiwakuta saa moja hudhani walikuwa wakisubiri chakula, naye anawatupia, na chakula hicho kinapooza kinazidisha deni la usiku unaofuata.

Si samaki wote wanaoumia sawa. Kambale ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, na anaweza kuishi kwenye tope ambalo wengine wangekufa. Sato na perege ni wavumilivu. Koi wakubwa, wanaolishwa vizuri na kujazana kwenye bwawa dogo, huonyesha dalili mapema.

Maporomoko husaidia kwa njia mbili. Pazia la maji linapovunjika hukutana na hewa kwa eneo kubwa, na linapopiga uso wa bwawa huzamisha mapovu yanayoachia oksijeni yakiwa chini. Kimo kikiongezeka, oksijeni nayo huongezeka, lakini faida hiyo ina mpaka: maji yaliyokwisha kukaribia ujazo wake hayapokei tena mengi. Kwa bwawa ambalo maji yake yote yanapita kwenye maporomoko kila saa, ngazi mbili au tatu za sentimita 15 hadi 20 zinatosha kulipa deni la usiku, ilimradi samaki wasizidi.

Hapo ndipo mazoea yetu yanapokosea. Watu huzima pampu wanapokwenda kulala, ama kwa sababu ya kelele ama kuokoa umeme. Anayezima saa nne usiku na kuwasha saa moja asubuhi amelinyima bwawa pumzi kwa saa tisa, na ni zile saa zenye uhitaji mkubwa kuliko zote. Mchana, mimea inapofanya kazi hiyo bure, pampu inanguruma kwa ajili ya macho yake.

Kuna sababu ya pili ya kutozima. Maporomoko mengi hutoka kwenye chujio: pipa au kisanduku kilichojazwa mawe ya volkano au vipande vya plastiki, ambamo bakteria hugeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, nao wanahitaji oksijeni isiyokatika. Chujio likilala usiku kucha bila maji mapya, wengi hudhoofika, na pampu ikiwashwa asubuhi kinachotangulia kuingia bwawani ni maji yaliyovunda.

Maboksi ya pampu na kile yasichosema

Pampu za kuzamisha zimejaa madukani Kariakoo, na boksi lake lina namba mbili kubwa. Moja inasema, tuseme, lita 3,000 kwa saa. Nyingine inasema mita 2.5. Mnunuzi huelewa kwamba atapata lita 3,000 kwa kimo cha mita 2.5. Ukweli ni kwamba namba hizo mbili hazikutani kamwe. Lita 3,000 ni pale pampu isipopandisha maji hata kidogo, na mita 2.5 ni kimo ambacho maji husimama ndani ya bomba bila kutoka tone. Kilichoko katikati kimechorwa kwenye mchoro mdogo wa pembeni mwa boksi, na huo ndio wa kuusoma. Kwa pampu ya namna hiyo, ukipandisha maji mita moja tarajia nusu ya lita zilizoandikwa, au zaidi kidogo.

Kimo chenyewe hupimwa kutoka usawa wa maji ya bwawa hadi mdomo wa maporomoko. Kina ambacho pampu imezamishwa hakihesabiwi, kwa sababu maji yaliyo juu yake yanaisaidia kusukuma. Kinachohesabiwa, na ambacho mafundi wengi hukisahau, ni msuguano ndani ya bomba. Chukua bwawa letu la mita mbili kwa mbili, lita 2,000, na tuseme tunataka maji yote yazunguke mara moja kwa saa. Ukipitisha lita 2,000 kwa saa kwenye bomba la robo tatu ya inchi lenye urefu wa mita 4, msuguano peke yake unakula kama sentimita 90 za nguvu ya pampu. Bomba la inchi moja linakula kama sentimita 24. La inchi moja na nusu linakula sentimita 3. Kwa hiyo maporomoko ya nusu mita yaliyofungwa bomba la robo tatu yanaigharimu pampu sawa na kupandisha maji karibu mita moja na nusu. Tofauti ya bei ya mabomba hayo hulipwa mara moja. Tofauti ya umeme hulipwa kila mwezi.

Upana nao una hesabu yake. Ili pazia la maji lionekane zima, bila kukatika vipande, kila sentimita ya mdomo inahitaji kama lita 100 kwa saa. Lita 2,000 zinatosha mdomo wa sentimita 20. Mwenye nyumba anayetaka pazia la mita moja, kama la ukumbini hotelini, anahitaji lita 10,000 kwa saa, yaani kulizungusha bwawa zima mara tano kila saa. Tope la chini halitatulia, na samaki watashinda wakipigana na mkondo. Anayetaka upana bila gharama hiyo aache mawe yaligawe pazia: vijito viwili vya sentimita 10, kila kimoja na mwamba wake, huonekana vingi kuliko pazia moja jembamba linalopasuka.

Sasa umeme. Pampu ndogo ni mashine zenye ufanisi mdogo, na sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka joto. Kwa kadirio la haki, lita 2,000 kwa kimo cha nusu mita na bomba pana zinahitaji pampu ya wati 25 hivi. Kimo kikifika mita moja na nusu, tarajia wati 70. Zikiendeshwa saa 24, ya kwanza inakula uniti 18 kwa mwezi, ya pili uniti 50. Tanzania kuna kundi la wateja wadogo wa umeme ambalo kikomo chake kimekuwa uniti 75 kwa mwezi. Uniti 18 familia yenye nidhamu inaweza kuzibeba. Uniti 50 ni theluthi mbili ya kikomo chote, na nyumba yenye friji itakivuka. Hapo mita moja ya ziada ya maporomoko haitakuwa imeongeza bili ya bwawa tu. Itakuwa imeihamisha nyumba nzima kwenye bei ya juu.

Umeme unapokatika

Hesabu yote hiyo inadhani umeme upo. Luku huisha saa nane usiku, na mgao haumuulizi mtu kama ana koi. Wengi hukimbilia paneli ya jua, na madukani kuna pampu zinazouzwa na paneli yake ndogo, tayari kufungwa. Zinafanya kazi vizuri sana kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, muda ambao bwawa linazihitaji kidogo. Wingu likipita, maji yanasimama. Jua lenye maana kwa samaki ni lile lililowekwa akiba: pampu ya wati 25 kwa saa 12 za usiku inahitaji wati-saa 300, na betri ya kawaida ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inaweza kutoa hizo bila kuchoshwa.

Pingamizi halali linakuja hapa. Kama shida ni oksijeni ya usiku, kipuliza hewa cha wati 5 na jiwe lake la mapovu kinaifanya kazi hiyo kwa umeme mdogo zaidi na bila kelele. Kwa nini basi kujenga maporomoko? Pingamizi hilo linastahili kukubaliwa. Mwenye bwawa lisilo na chujio, anayejali samaki tu, anunue kipuliza na aache mawe. Maporomoko yanajilipia pale yanapofanya kazi zaidi ya moja: kurudisha maji ya chujio, kusukuma uchafu wa juu upande mmoja, kuvuruga uso wa maji, na kumpa mwenye nyumba sauti na sura aliyoitaka tangu mwanzo. Hata hivyo kipuliza kina nafasi yake kama mlinzi wa zamu. Kifungwe kwenye betri ndogo, kiwake chenyewe umeme ukikatika.

Na kwa kuwa tunasema pampu isizimwe, ni lazima tuifikirie ajali ya usiku. Jiwe likisogea, maji ya maporomoko yanaweza kumwagika nje ya bwawa huku watu wamelala, na pampu iliyoketi chini kabisa italikausha bwawa hadi samaki walale kwenye tope. Ipandishwe juu ya tofali, sentimita 20 kutoka sakafuni. Ajali ikitokea, pampu ndiyo itakayokosa maji. Samaki watabaki nayo.

Maji yanakwenda wapi

“Fundi, mbona maji yanapungua?” “Jua kali, bosi.” Jibu hilo husikika kila bustani yenye maporomoko mapya, na mara nyingi halina ukweli. Katika hali ya hewa yetu uso wa maji hupoteza kwa jua na upepo kama milimita 4 hadi 6 kwa siku. Kwa bwawa la mita nne za mraba, hiyo ni ndoo moja ya lita 20. Maporomoko huongeza kidogo kwa sababu ya matone. Bwawa linaloshuka sentimita 3 kwa siku limepoteza ndoo sita, na jua haliwezi kubeba lawama hiyo.

Njia ya kupambanua ni nyepesi. Jaza ndoo maji, isimamishe juu ya tofali ndani ya bwawa, weka alama ndani ya ndoo na pembeni mwa bwawa, kisha ulinganishe kesho yake. Vikishuka sawa, ni jua. Bwawa likishuka zaidi, zima pampu siku moja, huku kipuliza kikiwahudumia samaki. Upungufu ukikoma, tundu liko kwenye maporomoko. Ukiendelea, liko kwenye bwawa lenyewe.

Mara nyingi liko kwenye maporomoko, tena bila nailoni iliyotandikwa chini kutoboka popote. Maji hufuata njia tatu. Ya kwanza ni nyuma ya mawe: kama nafasi kati ya jiwe na nailoni haikuzibwa, nusu ya maji hupita chini yake na pazia halionekani. Ya pili ni mdomo wenyewe. Maji yanayotoka polepole kwenye jiwe la mviringo hayadondoki. Hulamba upande wa chini wa jiwe na kurudi nyuma ukutani. Jiwe la mdomo linapaswa kuwa bapa, lenye ukingo mkali, litokeze mbele kama sentimita 5 na kuinama kidogo sana. Ya tatu ni udongo unaogusa ukingo wa nailoni. Nyasi na udongo mkavu hunyonya maji kimyakimya usiku na mchana, kwa hiyo ukingo lazima usimame juu ya udongo pande zote. Pale nailoni ya maporomoko inapokutana na ya bwawa, kanuni ni ile ya mabati ya paa: cha juu kilalie cha chini.

Kuna hesabu nyingine inayosahaulika hadi siku ya kwanza ya kuwasha. Vidimbwi vya ngazi na kijito hujaa kabla maji hayajarudi. Katika bwawa letu kila sentimita moja ya kina ni lita 40, na maporomoko yanayoshikilia lita 80 yatalishusha bwawa sentimita 2. Hilo linavumilika. Kijito kirefu chenye lita 400 kitalishusha sentimita 10, na pampu ikizimika maji yale yale yatarudi kwa mkupuo na kufurika. Bwawa dogo lipate maporomoko yanayoanzia mgongoni mwake, si mto wa kuzunguka ua. Na liachiwe tundu la kutoa maji ya ziada kabla ya masika, lenye wavu, lisilopeleka samaki mtaroni.

Chanzo cha maji ya kuongezea nacho kinahesabika. Maji ya bomba yana klorini. Ndoo moja kwa siku haina neno, lakini kujaza nusu ya bwawa kwa mpira ni hatari kwa samaki na kwa bakteria wa chujio. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na kila yanapokauka maji huiacha chumvi nyuma, ikiongezeka mwezi hadi mwezi. Anayenunua maji kwa boza ajiulize mapema kama bwawa litaendelea kupewa zamu yake mwezi wa Januari.

Mbu na ngazi zilizolala

Wanaopenda maporomoko husema yanafukuza mbu. Ni kweli kwa nusu. Viluwiluwi vya mbu vinahitaji uso uliotulia ili kuvuta hewa, na maji yanayochezacheza hayavifai. Lakini pembe ya bwawa iliyojificha nyuma ya majani inaweza kutulia hata pampu ikiwaka, na hapo kinachofanya kazi ni samaki.

Hatari kubwa iko kwenye maporomoko yaliyozimwa. Kila ngazi na kila shimo la jiwe hubaki na kikombe cha maji, mahali ambapo samaki hawafiki. Katika joto letu yai huwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja hadi mbili. Aedes aegypti, anayeeneza dengi, hupenda vyombo vidogo kama hivyo, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi yakisubiri maji yarudi. Dar es Salaam ilipatwa na milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Sasa kuna mgeni mwingine: Anopheles stephensi, mbu wa malaria kutoka Asia anayezaliana kwenye maji ya mijini, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na baadaye kaskazini mwa Kenya. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, ina sehemu inayohusu mbu peke yao, na maji yanayowazalisha kiwanjani ni kero mbele ya sheria hiyo. Kwa hiyo ngazi ijengwe kwa namna moja kati ya mbili: ama iwe na mteremko wa kujikausha yenyewe pampu ikisimama, ama iwe na kina cha kutosha kuweka samaki.

Samaki gani? Gambusia, samaki mdogo wa Amerika ya Kaskazini aliyesambazwa duniani kupambana na mbu, amewaumiza samaki wa asili sehemu nyingi alikopelekwa. Vifaranga vya sato au perege kutoka kwa mfugaji wa jirani hula viluwiluwi vizuri. Wakizidi, waliwe au wagawiwe, wasimwagwe mtoni. Na gugumaji, hata likichanua zambarau la kuvutia, lisiingizwe bwawani. Lilitoka Amerika ya Kusini kama ua la mapambo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Ziwa Victoria linalipa gharama ya pambo hilo.

Mawe, saruji na watoto

Mawe yaliyo jirani ndiyo ya bei nafuu, lakini si yote yanayonyamaza ndani ya maji. Jiwe la matumbawe la pwani ni chokaa, na maji yanayolipitia siku nzima hupandisha pH. Kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia ileile inavyozidi kuwa sumu. Saruji mpya hufanya hivyo kwa kasi zaidi: bwawa au ngazi ya zege ijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla samaki hawajaingia. Mawe bapa ya Mazeras, yanayotandikwa kwenye njia za bustani kote Kenya, hufaa sana kwa midomo. Jiwe la volkano la Arusha na Moshi, lenye matundu, lina kazi nzuri zaidi ndani ya chujio kuliko juu ya maporomoko.

Usalama hauna mjadala mrefu. Pampu ya umeme wa nyumbani iliyozama majini lazima ipite kwenye swichi inayokata umeme unaovuja, ya miliampu 30, na soketi yake iwe mbali na maji na juu ya ardhi. Maji yanayoshuka huwaita watoto, na mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache. Wavu wa chuma uliozamishwa kidogo chini ya uso wa maji hauharibu sura ya bwawa.

Anayetaka uzuri tu

Yuko anayesema hana samaki wala chujio. Anataka kusikia maji akirudi kazini. Haki yake. Tamaa hiyo ina umri mrefu pwani yetu: kule Kilwa, kwenye jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, bado lipo bwawa la pembe nane lililojengwa juu ya genge linalotazama bahari. Enzi hizo hakukuwa na pampu, na ndoo zilizolijaza zilipandishwa kwa mikono ya watu. Maji ya mapambo hayajawahi kupanda bure; kilichobadilika ni anayelipa na jinsi anavyolipa. Kwa bwawa lisilo na samaki maporomoko yanaweza kuwashwa kwa saa mbili za jioni kisha kuzimwa, hata yawe marefu, mradi ngazi zijikaushe na bwawa lenyewe lisiachwe limetulia wiki nzima. Sauti nayo ichaguliwe: maji yanayoangukia maji yenye kina hutoa mlio mzito wa chini, yanayopiga jiwe hutoa mlio mkali unaovuka ukuta wa jirani. Kadiri kimo kinavyoongezeka ndivyo mlio huo unavyomfikia asiyeuomba.

Kwa hiyo mpangilio wa maamuzi ugeuzwe. Kwanza saa: kama kuna samaki, ni 24. Pili, umeme na maji ambayo nyumba inaweza kuyatoa kwa saa hizo bila kunung'unika. Tatu, lita kwa saa, zikitosha kulizungusha bwawa mara moja. Nne, bomba pana. Tano, kimo, kitakachojipanga chenyewe kutokana na hayo manne, na kwa bwawa la lita 2,000 mara chache kitapita sentimita 60. Mawe yaje mwisho. Fundi atakayeanza kuuliza kuhusu mita ya umeme kabla ya kuuliza kuhusu mawe, huyo apewe kazi. Na nyumba ambayo haiwezi kuahidi saa 24 ina njia nzuri iliyo wazi: samaki wachache, mimea mingi, kivuli cha mchana, kipuliza kidogo cha usiku, na bwawa lililoachwa tulivu bila maporomoko.